Fizi Zilipona, Damu Haikutulia

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kusugua meno ya mzee mmoja wa Isinya mpaka midomo yake ikavimba na fizi zikatoka damu. Meno yake yalikuwa ya kahawia, na mimi nilitaka yawe meupe. Nilikuwa nimeruhusiwa juzi tu kusafisha meno peke yangu katika kliniki ndogo ya meno pale Kitengela, na nilikuwa nimejiapia kwamba hakuna mtu atakayeshuka kwenye kile kiti akiwa na doa. Nilikwangua, nikapitisha brashi ya mashine, nikaongeza unga wa kung'arisha, nikakwangua tena. Kahawia ikabaki pale pale. Mzee Sankale, hilo ndilo lilikuwa jina lake, alinivumilia kuliko nilivyostahili, halafu akanishika mkono.

"Kijana, unatafuta nini humo ndani?"

"Uchafu, mzee. Umeshika sana."

"Si uchafu. Hii rangi nilipewa na kisima. Kama unataka kuitoa, beba hako kabrashi kako uende usugue kisima."

Watu waliokuwa kwenye benchi nje ya pazia waliangua kicheko. Maji ya visima vya Kajiado yana madini yanayoingia ndani ya jino wakati jino lenyewe bado linajengwa kwenye taya la mtoto. Rangi ile huwezi kuikwangua kwa sababu haiko juu ya jino, ndiyo jino. Kila mtu wa huko anajua. Mimi nilikuwa nimetoka Bungoma, ambako tulikunywa maji ya chemchemi, na nilidhani mdomo wa kila mtu ulianza kama wangu.

Si hayo tu. Kwenye kadi yake nilikuwa nimeandika kwamba meno mawili ya mbele, ya chini, yalianguka kwa ugonjwa wa fizi. Alipoambiwa nilichoandika, mzee alikaa wima.

"Yaanguke? Hayo yalitolewa na kisu nikiwa mtoto, na sikulia. Ni pengo la kumpitishia mtu maziwa siku taya likikataa kufunguka. Futa. Andika hakulia."

Nilifuta. Kutoka siku hiyo akaniita Msasa, kama ile karatasi ya fundi wa mbao, na Kitengela nzima ikamfuata. Watu walikuja mlangoni wakiuliza, "Msasa ako?" Nami nilicheka nao, maana ningefanya nini? Lakini usiku sikulala vizuri, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo wale waliocheka hawakuliona. Fizi za Mzee Sankale zilikuwa imara, zimekaza meno yake kama mishono ya kiatu kizuri. Hazikuwa na ugonjwa wowote. Damu iliyotoka siku ile niliitoa mimi.

Mwenzangu wa zamani, ambaye sasa anafundisha wahudumu wa afya ya kinywa, aliniomba niwaandikie ninyi mnaoanza. Alisema, "Waandikie kitu cha kuwatia moyo." Hapo alikosea mtu. Nimestaafu, na moyo wa kugawa sina mwingi. Lakini kuna jambo moja kuhusu fizi na damu nililojifunza, na waliolilipia ni mama mmoja na binti yake. Ningependa mlijue kabla hamjashika chuma.

Mimi sikuanzia chuoni. Niliajiriwa kuosha vyombo. Daktari wa meno, Daktari Achieng', alikuja kutoka Nairobi kila Alhamisi, na siku nyingine kliniki ilikuwa yangu na ya Mutua, fundi wa maabara, aliyekuwa na meza moja, darubini moja, na redio ambayo hakuizima. Nilisoma vitabu vya daktari alivyoviacha kabatini. Nilivisoma vibaya, kwa papara, nikirudia ukurasa mmoja mpaka niukariri hata kama sikuuelewa. Daktari alipoona mkono wangu umetulia, alianza kuniruhusu nisafishe meno akiwa amesimama nyuma yangu. Baadaye akaniruhusu nisafishe asipokuwepo. Mambo yalikuwa yamelegea siku hizo. Sisemi ilikuwa sawa.

Alinifundisha vizuri, na nitawapa kidogo cha kwake. Chuma cha kukwangulia usikishike kama jembe. Kishike kama kalamu, na kidole cha pete kiegemee jino la jirani, ili mgonjwa akishtuka mkono wako ushtuke naye, usibaki nyuma ukimchoma. Ukiingia chini ya ufizi, macho hayatakusaidia, yafumbe. Chuma kikipita juu ya ukoga uliokauka hunguruma kama baiskeli kwenye changarawe. Kikifika kwenye jino safi huteleza kama kimepata lami. Ukisikia lami, acha. Daktari alinirudishia neno hilo mara nyingi, acha, na mimi niliona ni neno la watu wavivu.

Jambo lingine. Vitabu vilisema ufizi mzima una rangi ya waridi. Vitabu hivyo havikuwa vimetuona sisi. Fizi zetu nyingi ni nyeusi au zina mabaka, na ukizipima kwa rangi utawatibu wenye fizi nzima na kuwaacha wagonjwa waende zao. Angalia ukingo. Ufizi mzima una ukingo mwembamba unaokumbatia jino, na ule mgonjwa umevimba, unang'aa, ukingo wake ni mnene kama mdomo wa chungu. Kisha chukua sindano ya kupimia, ile butu, uipitishe taratibu kando ya jino. Damu ikitoka, kuna moto pale. Isipotoka, funga domo lako umsifu mgonjwa. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha ugonjwa wa fizi.

Lakini mimi sikuridhika na damu ya kwenye sindano. Nilitaka ushahidi wa nambari.

Nilikuwa nimesoma kwamba fizi zikiugua sana, moto wake hautulii mdomoni, unaingia mwilini, na unaweza kuonekana hata kwenye damu ya mkono. Na nilisoma kwamba fizi zikitibiwa, huo moto wa kwenye damu unaweza kupungua. Kwa mtu wa aina yangu, hiyo ilikuwa kama kupewa mizani ya kujipimia. Sisi tulikuwa na kipimo kimoja tu cha moto wa mwili, ESR. Unaweka damu kwenye tyubu nyembamba ya kioo, ndefu, unaisimamisha wima kwa saa moja. Chembe nyekundu zinashuka polepole na kuacha maji ya manjano juu. Mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi mahali, chembe zinashikana na kushuka haraka, kwa hiyo yale maji ya manjano yanakuwa marefu. Basi. Hakuna umeme wala mashine.

Nilianza kumsumbua Mutua. Kila mgonjwa mwenye fizi mbaya nilimpeleka kwake kabla ya kumsafisha, na tena fizi zilipopona. Mwalimu mmoja aliyeishi kwa kupanga pale Kitengela, mwenye sukari na fizi zilizotoa usaha, alitibiwa, akaanza kupiga mswaki kama nilivyomwonyesha, na damu yake ikatulia. Maji ya manjano yakawa mafupi. Nilitembea na ile karatasi ya majibu mfukoni mpaka ikachakaa. Alhamisi ilipofika nilimwonyesha daktari.

Alisoma, akanirudishia. "Vizuri. Na hii imekuambia nini?"

"Kwamba fizi ndizo zilikuwa zinamsumbua."

"Imekuambia kulikuwa na kitu, na sasa kimepungua. Msasa, ukisimama hapa uangalie upande wa Isinya, ukiona vumbi limeinuka utasema ni nini?"

"Lori."

"Ama ng'ombe. Ama upepo tu. Vumbi halikuambii. Lazima mtu aende aangalie."

Nilisema ndiyo, daktari. Nilisema hivyo na karatasi nikairudisha mfukoni.

Mama Nashipai alikuja muda mfupi baada ya hapo. Alikuwa mwanamke kijana, mrefu, aliyeuza maziwa Kitengela akitoka na mitungi kwao upande wa Isinya, na binti yake Nashipai alikuwa mgongoni, mdogo, ameanza tu kusema maneno. Nilimsalimia kwa Kimaasai kidogo nilichokuwa nacho, nikimwita yeiyo, yaani mama.

"Takwenya, yeiyo."

"Iko," akaitikia, kisha akacheka. "Wewe ndiye Msasa? Mimi sitaki kusuguliwa. Niko na meno matatu yanacheza. Ng'oa niende, maziwa yataganda."

Karibu kila mtu alikuja hivyo. Ng'oa niende. Na kliniki nyingi zilifurahi kung'oa, maana kung'oa ni haraka na kunaonekana. Lakini nilipofungua mdomo wake niliona ya kuokoa. Ukoga mwingi chini ya fizi, fizi nene, zikitoka damu hata kwa kuguswa na pamba. Meno yenyewe, chini ya kahawia yake, yalikuwa mazima.

"Sitang'oa," nikamwambia. "Haya meno utazeeka nayo."

"Na nikirudi hapa yakicheza?"

"Yakicheza ukirudi, niite jina unalotaka."

"Nitakuita Koleo," akasema. Mutua alicheka mpaka akaizidi redio.

Alikuwa mwembamba, na alikohoa. Naliandika hili hapa ili mlione mahali lilipokuwa, wazi, siku ya kwanza. Nililisikia. Lakini Kitengela ya wakati huo ilikuwa vumbi la malori ya kokoto na saruji mchana kutwa kwenye barabara ya Namanga, na kila mtu alikohoa. Mutua alikohoa. Mimi nilikohoa. Alipokohoa nilisubiri amalize, nikavuta barakoa yangu juu ya pua, kwa sababu sikutaka mate yanirukie, nikaendelea. Mtoto alikuwa ameshushwa mapajani mwake, uso wake karibu na uso wa mama. Yeye hakuwa na barakoa.

Damu yake Mutua aliipima. Maji ya manjano yalikuwa marefu kuliko ya mwalimu, kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumpeleka pale. Nitawaambia nilivyojisikia, kwa sababu nataka kuandika ukweli. Nilifurahi. Nilijiambia, huyu ndiye. Nikimponya huyu, hakuna atakayebisha.

Nilimsafisha upande mmoja, akarudi, nikamsafisha upande mwingine. Nilimfundisha kupitisha mswaki wake wa mti kwenye ukingo wa ufizi, si kwenye jino tu, na alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliowafundisha. Baada ya majuma machache fizi zake zilikuwa zimebadilika. Ukingo umekuwa mwembamba. Sindano ilipita na kutoka kavu. Meno yaliyokuwa yakicheza yalishika. Alikaa kwenye kiti akayasukuma kwa kidole kunionyesha.

"Umeponea jina la Koleo," akasema.

Nilikuwa karibu kulia. Sijawahi kufanya kazi nzuri hivyo, wala kabla wala baadaye. Nikampeleka kwa Mutua, na maji ya manjano yalikuwa marefu vile vile. Pengine marefu zaidi.

Mtu mwingine yeyote hapo angeuliza swali. Fizi ni nzima, damu haijatulia, basi moto uko kwingine. Ni hesabu ya mtoto wa shule. Mimi niliuliza swali lingine. Niliuliza nani amekosea.

Kwanza nilimlaumu Mutua. Tyubu ikiinama kidogo tu, chembe zinashuka haraka kuliko kawaida. Ikiwa karibu na dirisha lenye jua, vivyo hivyo. Meza ikitikiswa, jibu si la kuaminiwa, na meza yetu ilitikiswa na kila lori. Hayo yote ni kweli, na ninyi mnaotumia kipimo hiki bado myakumbuke. Nilimfanya ahamishie tyubu kwenye kona ya ndani. Nilienda kwa fundi mwashi aliyekuwa akijenga nyumba za kupanga nyuma ya kliniki, nikaazima pima maji yake, nikaiegemeza kwenye kile kibao cha tyubu kuhakikisha kimesimama wima. Mutua aliniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi amepanda juu ya paa.

"Msasa, hii ni damu, si ukuta."

"Rudia."

Akarudia. Jibu likawa lile lile.

"Sikia, ndugu yangu," akasema, na mara hii hakuwa akitania. "Labda damu haina makosa. Labda inasema tu vile iko."

"Basi kuna ukoga nimeuacha," nikamjibu.

Ndivyo nilivyojilaumu. Nataka msome hapa polepole, kwa sababu wengi wenu mna tabia kama yangu, nimewaona mkija kujifunza, mnaotetemeka kwa kuogopa kukosea. Nilidhani kujilaumu ni unyenyekevu. Nililala nikiupitia mdomo wa yule mama jino kwa jino, nikitafuta mahali mkono wangu ulipoteleza. Lakini yule ambaye kila jambo baya ni kosa lake anadhani pia kila jambo liko mikononi mwake. Mwili mzima wa Mama Nashipai, mapafu yake, usiku wake, mtoto wake, niliufanya uwe mdogo kutosha kuingia kwenye kikombe changu cha vyombo. Hicho kilikuwa kiburi, na kilikuwa kimevaa nguo za toba.

Nikamwita tena. Nikaingia chini ya fizi zilizopona, nikakwangua meno yaliyokuwa safi. Nilisikia lami. Nilisikia lami kila mahali, na sikuacha. Aliporudi tena fizi zilikuwa zimeanza kuuma kwa sababu yangu.

"Msasa, mbona unachimba? Si ulisema nimepona?"

"Bado kidogo, yeiyo. Damu yako haijatulia."

"Damu yangu ina nini?"

"Ni fizi."

Aliniamini. Alikuwa anachoka kwa kutembea sasa, aliniambia hivyo mwenyewe, na mitungi alikuwa amepunguza. Nilimwambia ni ule moto wa fizi, utamwachilia. Kama angeenda kwa mtu yeyote mwingine na mwili ule na kikohozi kile, pengine angeulizwa. Lakini alikuwa ameshapata wa kumtibu. Mlango aliougonga ulikuwa umefunguka, kwa nini agonge mwingine? Hilo ndilo linaloniuma kuliko ujinga. Mjinga aliyefunga mlango angemfanya aende mbele. Mimi nilimkalisha.

Daktari Achieng' hakuwepo miezi hiyo, alikuwa amejifungua. Nilikuwa peke yangu na sikuona haja ya mwingine. Aliporudi, Alhamisi ya kwanza kabisa, nilimwita Mama Nashipai makusudi ili daktari amwone. Nilitaka anionyeshe mahali nilipouacha ule ukoga.

Daktari aliangalia mdomo. Akapitisha sindano kote. "Hii ni kazi safi sana," akasema, na kwa kitambo kidogo nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kitengela. Halafu akasoma majibu ya Mutua. Akavua glavu. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya yule mama, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Mama, unakohoa tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Usiku unatoka jasho?"

"Shuka ninakamua."

"Na nguo zimekuwa kubwa?"

Mama Nashipai alishika kiuno cha nguo yake, akakunja sehemu iliyobaki, akaionyesha. Ulikuwa mkunjo mkubwa.

Daktari aliniangalia. Hakupaza sauti. "Umemuuliza haya?"

Nilimjibu kwamba mimi hushughulika na fizi. Hayo ndiyo maneno yaliyotoka, na nimeyasikia kila siku tangu hapo.

Kisha akamchukua mtoto. Nashipai alikuwa na joto, mlegevu, hakutaka kushikwa, na daktari alipomwinamisha kichwa mbele shingo haikukubali. Hapo daktari alisimama upesi. Alimwandikia mama karatasi ya hospitali ya Kajiado, akatoka mwenyewe barabarani kutafuta gari la kuwapeleka. Mitungi ya maziwa ilibaki mlangoni petu mpaka Mutua alipoiingiza ndani.

Makohozi ya mama yalikutwa na TB. Mtoto naye alikuwa nayo, na kwake ilikuwa imepanda hadi kwenye utando wa ubongo.

Nilienda Kajiado kuwaona. Hakuna aliyenituma. Mama Nashipai alikuwa ametengwa chumba cha pembeni, mtoto wodi nyingine, na mtu wa kwao alikuwa akienda huku na huku akimpelekea mama habari. Huyo mtu wa kwao alikuwa Mzee Sankale. Sikujua kwamba yule mama ni mke wa mwanawe. Hakuniambia lolote baya. Aliniuliza tu kama nimekula.

Nilisimama mlangoni mwa chumba cha mama nikiwa nimevaa barakoa, na nilipoona anaitazama nikatamani kuivua. Sikuivua.

"Ulikuwa unavaa hiyo hata kule," akasema. "Kila siku. Ulikuwa unajua?"

"Sikujua, yeiyo. Nakuapia."

"Kwa nini ulivaa?"

Nilimwambia ukweli, kwamba ilikuwa kwa ajili ya mate.

Alivuta shuka la kitanda hadi kidevuni. "Mimi nilikuambia ung'oe niende," akasema. "Ungeng'oa ningeenda."

Kisha akageukia ukuta. Nilirudi kwenye stendi ya mabasi nikakaa pale mpaka mabasi mawili ya Kitengela yakaondoka bila mimi.

Mama alipona. Dawa alizimeza zote, na fizi zake, naambiwa, zilibaki nzuri. Nashipai aliishi. Alichelewa kutembea tena, lakini alitembea. Ule ugonjwa ulimnyima kusikia, na masikio hayakurudi.

Watu walinifariji, na faraja yao ilinichukiza kuliko lawama. Walisema, wewe hukuwa daktari. Walisema hata madaktari hupitwa. Mmoja alisema ni Mungu. Mutua peke yake hakunifariji. Alirudisha pima maji kwa mwashi, na nilipofika asubuhi nikakuta redio imezimwa. Nilimwomba Daktari Achieng' anifukuze, akakataa. Akasema nikienda nitabeba kosa hilo mahali ambapo hakuna anayelijua, na nitalirudia. Alinitafutia njia ya kwenda kusoma rasmi, nikasoma, nikarudi Kajiado nikiwa na cheti, na nikafanya kazi huko mpaka nilipostaafu. Katika miaka hiyo yote vipimo vilibadilika. Kilikuja kile cha tone la damu kwenye kioo cheusi, cha kupima CRP, unakizungusha na mkono na ukiona vichembechembe vimegandana unajua kuna moto. Baadaye ikaja mashine inayotoa nambari yenyewe. Wanafunzi walifurahi. Niliwaambia ni vumbi tu, sasa limekuwa na nambari nzuri zaidi. Fizi zinaweza kuliinua, ni kweli. Na ukizitibu likatua, shukuru. Likikataa kutua na fizi ni nzima, weka chuma chini. Kazi yako imekwisha na ya mtu mwingine imeanza, na kila siku unayoongeza ni juu yako.

Miaka kadhaa baada ya mimi kurudi Kajiado, Mama Nashipai aliingia. Nilimtambua kabla hajasema. Alikuwa amenenepa, ana kanga nzuri mabegani, na nyuma yake kulikuwa na msichana mrefu aliyevaa sare ya shule. Nilisimama. Yeye hakutaka salamu ndefu.

"Anasema jino la nyuma linamuuma. Kwa nini uko hapa?"

"Ndipo ninapofanya kazi, yeiyo. Niite mwingine?"

Alitazama mlango, akatazama kiti. "Mwingine yuko?"

"Yuko, chumba cha pili."

Alivuta kanga yake mabegani, kama alivyovuta shuka siku ile kitandani. Halafu akamwelekeza binti yake kwenye kiti changu. Sijui kwa nini, na sikuuliza. Huenda foleni ya chumba cha pili ilikuwa ndefu.

Nilizoea kuwaambia watoto fungua mdomo, funga, tema. Nikamwambia Nashipai afungue mdomo, na alinitazama tu, macho yake kwenye barakoa yangu, akitafuta midomo isiyoonekana. Nilisahau. Mimi, kati ya watu wote, nilisahau. Mama yake alisimama nyuma ya kiti mahali binti angeweza kumwona, akainua mkono, akafungua vidole. Msichana akafungua mdomo. Meno ya kahawia kama ya babu yake, na fizi imara. Jino moja la nyuma lilikuwa limetoboka. Nililiziba. Kila nilipohitaji afunge, nilimtazama mama yake, naye akafunga vidole.

Nilipomaliza nilipitisha sindano kando ya lile jino mara moja. Ilitoka kavu. Niliacha.

Walitoka bila kusema ashe, yaani asante, na hawakuwa na deni hilo.

Hivi ndivyo mambo yalivyobadilika tangu wakati huo. Katika vyumba vyote nilivyofanya kazi baada ya Kitengela, mgonjwa huulizwa kikohozi, jasho la usiku na kukonda kabla hajafungua mdomo, na habari za mtoto aliye naye huulizwa pia. Damu isipotulia baada ya fizi kupona, mgonjwa anaondoka siku hiyo hiyo na karatasi ya kwenda kwingine. Nami tangu Nashipai akae kwenye kiti changu, nikiongea na mtu ambaye hasikii, hushusha barakoa.